Silinda ya Nne Ilikuwa Nzima

Kwako Baba yangu,

Shikamoo. Naiweka shikamoo hapa juu kabisa, kwa sababu najua ukifika katikati ya barua hii utasema sikukuamkia. Goti linaendeleaje? Dada ameniambia sasa unapanda ngazi za nyumba ya Bibi bila kushika ukuta, nikafurahi sana, ingawa aliongeza kwamba ukifika juu unanung'unika peke yako mpaka pumzi irudi. Na sikio la kushoto, lile lililoliwa na kelele za injini, bado unalitumia kutomsikia Mama anapokuita? La kulia najua halina shida. Dada anasema unashinda barazani nyuma ya ukuta, unasikiliza magari yanayopita barabarani na kuyatolea hukumu bila kuyaona: hili ringi zimechoka, hili litamwacha mwenyewe njiani kabla ya jioni. Jirani mmoja, anasema, siku hizi akifika usawa wenu anazima injini na kuliachia gari liserereke lenyewe.

Mama mpe salamu zake peke yake, usizichanganye na zako. Msalimie Shemeji, na watoto wote, hasa yule mdogo anayekojolea vitu vya watu.

Sisi huku hatujambo. Paa la gereji lilikuwa linavuja juu ya meza yako, nimeliziba. Paka amezaa nyuma ya kompresa, kwa hiyo siku hizi tunaiwasha kwa adabu. Koti lako la kazi liko palepale kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyelivaa wala aliyelifua.

Umeniagiza niandike. Dada alinifikishia maneno yako kama yalivyo: kwamba kwenye simu nakuzidi mdomo, kwa hiyo nikuandikie kwa mkono wangu kuwa nimeacha kukata injini nzima zisizo na ugonjwa, nawe utarudi gereji mara moja. Nisipoandika hivyo, mwisho wa mwezi yule fundi wa mtaa wa pili atakuja na lori kuichukua mashine ya kukereza silinda, maana mashine ni yako na umeshamwahidi kumuuzia. Nimekuelewa vizuri sana. Jibu langu ni kwamba siachi. Nimelitanguliza ili usihangaike kulitafuta huko chini na hiyo miwani yako ya mguu mmoja. Sasa kaa vizuri nikueleze.

Najua unavyolisimulia hapo nyumbani jambo lile, kwa hiyo niache na mimi nilisimulie. Ulinikuta nimeifunga kwenye mashine bloki ya injini ya Breki, yule dereva wa mashindano tuliyembandika jina la kitu asichokitumia. Kuta za silinda zilikuwa zinang'aa, hazina hata mkwaruzo, nami nilikuwa nazikata, chenga za alumini zinamwagika sakafuni. Ukaizima mashine kwa mkono wako mwenyewe. Ukaniuliza hii imekosa nini. Nikakujibu haijakosa kitu. Hapo ndipo uliposema kwamba slivu, ule mkebe wa chuma tunaouvisha ndani ya silinda, ni dawa ya silinda iliyolika. Kwamba maisha yako yote umewavisha slivu watu waliokuwa wameshakata tamaa na magari yao, yakarudi barabarani. Lakini hujawahi kumkata mguu mtu anayetembea ili umvishe wa chuma. Ukachukua kofia. Nilidhani unakwenda kunywa chai, Baba. Nikaweka hata maji jikoni. Kumbe ndiyo umehamia kwa Bibi.

Nimelifikiria neno lako la mguu mara nyingi, tena kwa hasira, na bado nasema umekosea. Injini ile ilikuwa nzima kwa kazi iliyotengenezewa, ya kumpeleka mtu kazini na kumrudisha. Breki hataki kupelekwa kazini. Anataka kuifunga turbo, na turbo inasukuma hewa ndani ya silinda mpaka kila mlipuko unakuwa mara mbili ya ule kuta zinaoufahamu. Na kuta zenyewe umeziona. Ni nyembamba, zimesimama kila moja kivyake katikati ya njia ya maji, kama vikombe vilivyopangwa ndani ya beseni, juu hazijashikwa na kitu. Ukizipiga kwa nguvu zinatikisika, na zikitikisika siku nyingi zinapasuka. Mimi nazitoa zote. Mahali pake naweka slivu nene za chuma kigumu, zenye ukingo mpana juu, na kingo hizo zinagusana na kushikana bega kwa bega, hakuna ya kutikisika. Siwezi kungoja ipasuke ndipo niione ina haki ya kutibiwa. Hilo tu ndilo tunalogombania, wewe na mimi, na tumelifanya kubwa kama msiba.

Wewe ulikuwa unaziingiza slivu kwa nyundo na kipande cha gogo, huku umeuma ulimi. Nami nilikuwa nakushikia. Hizi nene hazipigwi nyundo. Bloki inapashwa moto itanuke, slivu inagandishwa isinyae, kisha unaiachia tu. Hatuna tanuri, kwa hiyo nilikwenda kwa mwokaji wa mikate hapo kona. Alinikatalia, halafu akanikubalia kwa masharti kwamba bloki ioshwe kwa sabuni mpaka yeye mwenyewe ainuse. Akainusa kweli, amepiga magoti na aproni yake, akaniambia irudishwe ikaoshwe tena. Slivu nilizigandisha kwenye friza ya Mama hapa nyumbani, kati ya samaki na maharage, nikazipeleka kwa mwokaji ndani ya ndoo ya barafu. Tulifanyia kazi yote kwenye meza yake ya kukandia unga.

Natamani ungekuwepo. Unaishika slivu kwa glavu, imeota ukungu mweupe, unailenga juu ya tundu ambalo bado linafuka joto, na hapo huna nafasi ya kusitasita. Ukisitasita ikagusa upande, inapata joto katikati ya safari, inabana, na haishuki wala haipandi. Umepoteza slivu na bloki kwa pamoja. Ukiiachia sawasawa inashuka kwa uzito wake, inatoa mlio mfupi mzito chini, basi. Imeshikwa. Nilipoiachia ya kwanza mwokaji alipiga makofi mpaka unga ukajaa hewani, ikabidi niifute bloki upya.

Sasa nitakwambia la aibu, ingawa najua ulishaambiwa. Injini ile ilikufa. Breki alitoka nayo mara mbili ikawa moto wa kuotea mbali, mara ya tatu ikachemsha maji, rejeta ikatapika, gari likarudi gereji likivutwa kwa kamba mchana kweupe. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Fundi wa mtaa wa pili alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma kama mkaguzi, akauliza kama tunahitaji msaada. Najua ndiye aliyekupigia simu. Dada akaniletea salamu zako, kwamba uliniambia. Nilikasirika siku ile mpaka nikavunja kikombe.

Nilifungua injini siku iliyofuata. Kuta zilikuwa salama kabisa, zimenyooka, hazina ufa. Kilichoungua ni gasketi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya bloki na mfuniko wake, juu ya silinda mbili. Kisha nikafanya ulivyonifundisha nikiwa mdogo kuliko hiyo meza: nikapitisha ukucha juu ya uso wa bloki, kutoka kwenye alumini kuja kwenye slivu. Unakumbuka ulivyokuwa unasema, kwamba ukucha ukiteleza bila kukwama kazi imekwisha, na ukikwama nichukue tupa nisugue mpaka uteleze. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya. Nilizisawazisha slivu zikawa uso mmoja na bloki, nikajisifu, nikasema hata Baba asingepata pa kukwama. Lakini sasa ukucha ulikuwa unakwama kwa kushuka. Slivu zilikuwa zimekaa chini kidogo kwa joto na kwa ile misukumo, unene wa unywele tu, na kwa turbo unywele unatosha. Gasketi haikuwa na kitu cha kuuma, moto ukapenya ukaingia kwenye maji.

Kwa hiyo ni kweli uliniambia nisikate, lakini kilichoniangusha hakikuwa kule kukata. Kilichoniangusha ni ukucha wako. Kwenye injini za watu wako, zinazotembea pole pole na kupumzika Jumapili, kazi ya uso mmoja ilikuwa sahihi na itabaki sahihi. Kwenye hizi zangu ni makosa. Nimeandika hivyo nikiwa na akili timamu. Nilitengeneza bloki nyingine, nikakata upya vikalio ambamo slivu zinakaa, nikaacha kingo ziinuke juu ya uso kiasi cha ukucha kukwama na si zaidi. Tupa niliifungia kwenye sanduku ili mkono wangu usijisahau. Breki akaenda nayo kwenye mashindano ya kupanda mlima. Alimaliza wa tatu kutoka mwisho, kwa kuwa kona hazijui na hataki kuambiwa, lakini injini haikudondosha hata tone. Tangu hapo ameipiga kila wiki kama anaidai, na bado inamvumilia. Wengine wawili wameleta za kwao.

Basi hizo ndizo habari za kazi. Sasa lipo jambo moja ambalo sikumwambia Dada, na hutaki kulisikia kutoka kwa fundi wa mtaa wa pili. Kama umeshika chai, iweke chini.

Nimekata injini ya gari lako.

Ndiyo, lile la kijani. Lile lililokuwa nyuma ya gereji chini ya turubai, ulilokuwa ukisema utalishughulikia ukipata nafasi, na nafasi ikawa haiji kwa sababu daima kulikuwa na la mtu mwingine mezani. Na ufunguo sikuuiba. Mama alipokuja kuchukua sufuria zake alifungua friza kutafuta samaki, akakuta slivu nne zimefungwa kwenye mfuko. Akaniuliza hizi za nani. Nikamwambia sijui bado, nimezinunua tu ziwepo. Akafunga friza, akafungua pochi yake akanitolea ufunguo wa lile gari, kisha akasema yeye amechoka kupanda kile kilima kwa miguu. Akachukua sufuria zake akaondoka. Kwa hiyo ukigomba, gomba na watu wawili.

Unakijua kilima chenyewe, hicho hicho mnachokaa juu yake. Kila tulipokuja kumwona Bibi ulisimamisha gari pale chini ukatwambia tushuke, na sisi sote na Mama na mizigo tukapanda kwa miguu, wewe ukipanda peke yako ndani ya gari, moshi wa bluu ukitufukiza. Tulikuwa tunaimba ili usione haya. Hukujua hilo? Mama ndiye aliyetufundisha tuimbe.

Niliifungua injini hiyo nikakuta kazi yako. Silinda tatu ulishazivisha slivu zamani, za nyundo na gogo. Sijawahi kuona vitu vikaidi kama vile. Nilizitoa kwa taabu, nikikusifu na kukulaani kwa pumzi moja, na nilipozitoa nilizifuta nikazipanga kwenye rafu juu ya meza yako. Sitazitupa. Moja Mama ameniomba apandie maua.

Silinda ya nne ilikuwa nzima, Baba. Hukuigusa wakati ule kwa sababu haikuwa na ugonjwa, na ilikuwa bado haina, ukuta wake unateleza kama sahani. Nilisimama mbele yake na mashine imewashwa. Nilikusikia kabisa ukiniuliza imekosa nini. Nikaikata.

Nikaiunga injini upya, zote nne sawa, kingo zimeinuka, nikafunga na turbo ndogo niliyoichomoa kwenye gari lililogongwa. Halafu, wiki iliyopita, nikampakia Breki mbele, mwokaji nyuma, na magunia mawili ya unga ya mwokaji kwenye buti, nikaja kwenye kilima chenu. Tulipanda kwa gia ya tatu, tumekaa, mwokaji akila andazi. Tukapita mbele ya nyumba, tukageuzia juu, tukashuka tena. Sikusimama. Nakiri niliogopa kusimama.

Siku mbili baadaye Dada akanipigia simu akicheka. Alisema Mzee juzi kanifurahisha. Kwamba ulikuwa umekaa barazani nyuma ya ukuta wako, likapita gari, ukamnyamazisha kila mtu kwa mkono. Ukainuka na goti lako, ukasimama umeelekeza sikio la kulia barabarani mpaka lilipopanda likashuka tena. Kisha ukasema silinda zote nne zinapiga kwa uzito mmoja, hakuna hata moja inayomdai mwenzake, na kwamba huyo fundi, awe nani, anajua kazi. Dada akasema Mama alikuwa pembeni anachambua mchele, wala hakuinua uso.

Umeshasema, Baba. Mashahidi wapo. Ulizisikia zote nne, ile nzima ikiwa mojawapo, na sikio lako halikuniambia ni ipi niliyoikosea. Niliposhusha simu nililia, na siyo kwa huzuni tu. Nina hasira nawe na nimekukumbuka, vyote pamoja, na hiyo meza yako inanikera ikiwa tupu.

Kuhusu mashine, ni yako na sitaizuia. Lori likija nitazifungua nati mwenyewe, maana hao wataiburuta. Ila ujue kwamba kesho yake nitakwenda kwa huyo huyo fundi wa mtaa wa pili kuomba kazi, nisimame mbele ya mashine ile ile, nikate injini nzima moja baada ya nyingine mpaka naye azoee. Mashine inaweza kuhama. Mimi sentensi unayoitaka siiandiki, si leo, wala goti likipona, wala ukinitumia Dada na Shemeji na watoto wote kwa mstari.

Jumamosi asubuhi nakuja kuwachukua wewe na Mama. Utanisikia kabla hujaniona. Tukifika gereji nitaufungua mfuniko wa injini yako mbele yako, nikutolee gasketi, nawe upitishe ukucha. Utakwama. Usiniombe tupa.

Narudia salamu kwa wote wa hapo, wakubwa kwa shikamoo na wadogo kwa kuwavuta masikio. Paka na wanawe wanakusalimu. Koti lako nitakuja nalo, maana asubuhi kuna baridi na sitaki kisingizio.

Ni mimi mwanao uliyenibandika jina mwenyewe,
Msasa

Tanbihi: Kurudi tutashuka na kilima hicho hicho, na Jumapili tutakipanda tena tukileta mzigo alioniagiza Dada. Mama ameshaniambia kiti chake ni cha mbele, na kwamba safari hii hashuki mtu.